Mvua ya Bouar

Bangui, mtaa wa Miskine
14 Februari 1994

Baba Zita,

Salamu nitakupa ukifika. Kwa bei za siku hizi sigawi kitu bure.

Tangu wakubwa waikate thamani ya faranga yetu nusu, mwezi uliopita, kila kinachovuka mpaka kimepanda mara mbili, na kisichovuka mpaka nacho kimepanda kwa wivu. Sabuni, chumvi, betri za redio, mafuta ya taa. Jana nimeulizia fungu la majani ya muhogo, majani yanayoota nyuma ya choo cha mwenye kuyauza. Nikamwambia, "Dada, na haya yametoka Ulaya?" Akanijibu, "Yametoka hapa, lakini mimi ninayeyachuma nanawa kwa sabuni ya Ulaya." Nikalipa.

Sasa sikiliza habari ya maandazi yangu. Andazi la faranga kumi lilikuwa kama ngumi yako. Krismasi ilipopita likawa kama ngumi yangu. Leo ni kama ngumi ya Zita, na mtoto ana miaka minane. Kulipandisha mpaka kumi na tano siwezi, kwa sababu sarafu za tano zimetoweka mjini, na mteja asiyerudishiwa chenji anarudi na matusi. Kwa hiyo napunguza unga. Juzi Mwalimu Zosime aliliinua mbele ya watu wote, akaligeuza kama daktari. "Mama Zita," akasema, "hili limezaliwa kabla ya miezi yake?" Nikamjibu, "Na mshahara wako, Mwalimu, wenyewe umeshazaliwa?" Foleni nzima ikacheka. Naye akacheka, kisha akala kwa mkopo.

Nacheka, lakini nimebakiwa na unga kidogo sana. Gunia la elfu tisa sasa ni elfu kumi na nane, na hata ukiwa nazo mkononi gunia hulioni. Sheria ya njia panda yetu unaijua: jiko likipoa kutoka Jumapili hadi Jumapili, mafiga si yako tena, mwanamke mwingine anaweka yake. Mama yangu aliyakalia mafiga yale mpaka siku alipolala asiamke. Koleta, yule muuza samaki wa moshi, kila asubuhi ananisalimia huku akiyatazama mafiga. Mimi hanitazami.

Kodi ya nyumba inatoka kwenye jiko hilo. Ada ya Zita pia. Mshahara wako, kama ujuavyo, huja lori likishashushwa, na lori halijafika. Ulisema siku nne, nami nimeacha kuhesabu.

Barua hii nampa dereva anayekuja njia yako. Uko wapi na huo unga?

Eulalie

---

Bouar
18 Februari 1994

Kwa malkia wa njia panda ya Miskine, mwenye mkono unaokaanga kuliko mikono yote ya Bangui,

Ni mimi, Anicet Gbadora, dereva wa barabara kuu, niliyefika Douala mara nyingi kuliko padri wetu alivyofika kanisani. Nimeiona bahari. Nimekula samaki ambaye jina lake hata yeye mwenyewe halijui. Nilisoma mpaka darasa la tano, la sita likanikimbia, lakini muulize yeyote kutoka hapa hadi mpakani: askari gani wa kizuizi asiyenipigia saluti? Wengine hunipigia hata kabla sijawapa kitu.

Mke wangu, niko Bouar, mzima, na magunia yangu mia tatu ya unga, makavu kama siku yalipozaliwa. Nimezuiwa na mvua. Lo, mvua gani hii! Wameshusha kizuizi cha mvua, na sheria yake unaijua: mvua ikinyesha, lori zito halipiti mpaka udongo wa barabara ukauke, lisije likaichimba. Unakauka, tunawasha injini, inanyesha tena. Unakauka, tunawasha, inanyesha. Nimekuwa kama mtu anayemposa msichana asiyejua anataka nini. Mwenyewe nimewaambia askari, "Jamani, mimi niliwahi kuvuka mto wa Logone bila daraja!" Wakacheka. Watu wa huku hawajui wamekaa na nani.

Kwa hiyo punguza hasira na ongeza maji kwenye unga. Na yule mwalimu mwambie mimi nikirudi nitamfundisha ukubwa wa ngumi.

Kuna jambo ninalokuandalia. Sisemi. Likifika utanisamehe hata dhambi ambazo bado sijazitenda. Kwa sasa nakutumia chupa ya asali, ya Bouar yenyewe, si ile ya Bangui inayochanganywa na machozi ya sukari. Barua na asali anavileta Sylvain, anayerudisha kreti tupu za bia. Mwamini. Ni mtu mkweli kupita kiasi, ndiyo maana hana maendeleo.

Mumeo anayelowa kwa ajili yako,
Anicet

---

Bouar, siku hiyo hiyo

Sylvain ndugu yangu,

Nakuandikia hapa pembeni kwa sababu ukiwa na chupa mkononi husikii.

Hakuna mvua. Wewe mwenyewe umeona, mbwa wa Bouar wanakohoa vumbi. Mama Zita akikuuliza, sema mvua ipo. Uliiona. Uliiona kwa macho ya urafiki.

Bosi Ngaya ndiye ametuegesha. Malori yake matatu yako uani, nyuma ya ukuta, turubai limefungwa. Alituambia, "Tulieni hapa. Kila asubuhi mkinywa chai Bouar, gunia linapanda Bangui." Ananipa hela ya kula kila siku, na mwisho wa kazi atanipa magunia mawili, yangu mwenyewe. Mawili, Sylvain! Unajua mke wangu atakaanga mpaka lini kwa magunia mawili? Nitayashusha mbele ya jiko lake, foleni yote ikitazama, na yule Koleta naye akitazama. Nitasema, "Mama Zita, pokea. Sikununua. Nimepewa, kwa heshima."

Sasa ukiniharibia hili, lile tairi la akiba nililokuazima kule Garoua nitalikumbuka.

Anicet

---

Bangui
22 Februari 1994

Mume wangu,

Pole sana na mvua.

Asali imefika. Sylvain naye amefika. Nilimkaribisha maji ya kunawa, akaomba ndoo mbili, nikampa. Nilimuuliza mvua ya Bouar ikoje, akaniangalia kama mbuzi aliyeulizwa njia, akasema, "Shemeji, ipo." Nikamuuliza inanyesha asubuhi au jioni. Akasema, "Ndiyo."

Huku kwetu ni jua tupu. Ndiyo kusema Mungu ameipenda Bouar mwaka huu, kawaida hakumbuki mtu kabla ya Machi. Nimefurahi kwa jambo moja. Kama mvua imenyesha hivyo, basi kumbikumbi wameruka. Nitumie kopo moja tu. Unajua jinsi Zita anavyowapenda, na mimi nimechoka kula majani yasiyo na nyama. Vua wewe mwenyewe, kwa taa, kama ulivyokuwa ukinivulia enzi za uchumba.

Maandazi sasa ni kama limau. Watu hawatanii tena, na hilo ndilo linaloniogopesha. Wanahesabu sarafu, wanalitazama andazi, wanarudisha sarafu mfukoni, wanaondoka bila neno. Afadhali wakinitukana.

Watu wanasema unga upo, umefichwa. Mimi nimeshasema mbele ya foleni yote, na kijiko cha kukaangia mkononi: aliyekalia unga wakati watoto wanakwenda shule na matumbo matupu, unga huo na umwote mgongoni. Wanawake wote wakaitikia amina, hata Koleta. Ndilo jambo la kwanza tulilokubaliana tangu mama afe.

Wewe huna lawama. Wewe umezuiwa na Mungu.

Eulalie

---

Bouar
25 Februari 1994

Ua langu,

Hao hapo kumbikumbi! Kopo zima, limejaa, nimelishindilia kwa ngumi. Kazi niliyoifanya ungeiona ungenipa medali. Mvua ilipokatika tu, wakatoka. Nikawasha taa ya lori, nikaweka beseni la maji chini yake, wakaja kama abiria wasiolipa. Vijana wa hapa walisimama kuniangalia. Mmoja akasema, "Mzee, umejifunzia wapi?" Nikamwambia, "Kijana, mimi nimevua kumbikumbi katika nchi tatu." Huku wanaruka wengi hata nimewakataa wengine.

Nimewakaanga mwenyewe ili wasiharibike njiani. Ndiyo maana wana rangi.

Ile laana ya mgongoni, uliitamka kwa nguvu? Nauliza tu, kwa ajili ya wengine. Maana mtu anaweza kuwa amekalia unga kwa sababu zake ambazo mwingine hazijui, na pengine nia yake ni nzuri, na pengine anamfikiria mke wake. Sisemi ni nani. Mimi mgongo unaniwasha tangu juzi, lakini ni mbu. Mvua huleta mbu.

Vumilia wiki moja, au moja na nusu. Hizo bei unazolia nazo leo, kuna siku utazicheka. Mimi nilipokuwa N'Djamena niliwahi kulipia glasi ya maji, na bado niko hai. Punguza tena andazi kidogo. Limau ni kubwa, kuna karanga.

Na ukimwona Koleta mtabasamie tu. Asubuhi moja, siku si nyingi, atameza samaki wake na miba yake.

Wako, aliyelowa,
Anicet

---

Bangui
2 Machi 1994

Anicet Gbadora,

Nimelifungua kopo.

Kumbikumbi wa mvua mpya ana mafuta, ukimminya vidole vinang'aa. Hawa wako ni wakavu kama mahubiri. Wananuka moshi wa mwaka jana, na chini ya kopo nimekuta chumvi ya mawe, ile wanayoweka wanawake wa sokoni ili wadudu wavuke kiangazi. Uliwavua wakiwa wameshatiwa chumvi? Waliruka nayo? Zita aliuma mmoja, akaniuliza, "Mama, huyu alikufa lini?" Mtoto wa miaka minane, Anicet!

Umeninunulia uongo kwa pesa, na kwa bei za sasa. Kwa pesa hiyo ningepata kikombe cha unga.

Sikuhitaji hata hilo kopo. Sylvain alipoleta barua yako ya kwanza, ile yenye mvua, alishuka garini mwekundu kama tofali, macho tu ndiyo meusi. Ndoo mbili! Na ya pili ilitoka kama mchuzi wa mawese. Mimi ni mke wa dereva mwaka wa kumi na moja huu. Mvua gani inayomwaga vumbi? Nikasema nikupe kamba, nione utaivuta mpaka wapi. Ukaivuta mpaka kwa kumbikumbi, ukaongeza na taa na beseni na kijana wa kukusifu. Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Yako ina kilomita mia nne na hamsini, na bado nimeuona mwisho wake nikiwa nimekaa.

Jana Sylvain alipokuja na kopo nilimwekea uji mbele yake, kisha nikaushika. Nikamwambia, "Shemeji, uji au uongo. Chagua." Akautazama uji. Akachagua uji. Ameniambia yote, Ngaya na ua na turubai na magunia yako mawili. Usimgombeze, alikuwa na njaa.

Magunia mawili. Unanizibia mlango ili uje unizawadie ufunguo! Kila siku uliyokunywa chai huko, unga ulipanda huku, na mimi nikakata andazi, na watu wakanichukia mimi, si Ngaya. Nimemlaani mtu mbele ya foleni nzima, kumbe mtu mwenyewe analala kitandani kwangu na mimi ndiye ninayemfulia shuka.

Unga uliisha Jumamosi. Jiko limepoa tangu Jumapili. Leo asubuhi Koleta ameleta mafiga yake matatu, ameyapanga kando ya yangu, akakaa juu ya moja kama mtu anayesubiri maiti itolewe. Jua likizama Jumapili hii, mahali pa mama si petu tena.

Usinijibu. Karatasi nayo imepanda.

Eulalie

---

Bouar
Ijumaa, 4 Machi 1994

Kwa Bwana Ngaya, mfanyabiashara,

Bwana, heshima zako. Barua hii nimemwachia mlinzi wa ua, mzee mwema, naomba asilaumiwe. Alinizuia kwa nguvu zake zote, yaani alisema "Usiende" mara moja.

Ukiamka utakuta nafasi tupu pale lilipokuwa lori. Sijaiba. Unga wako naupeleka Bangui kwenye ghala lako, mahali ulikoniajiri kuupeleka, kwa njia ile ile uliyonionyesha. Nikiwa mwizi, basi mimi ni mwizi wa kwanza kuiba mzigo na kumpelekea mwenyewe nyumbani kwake.

Wenzangu wawili sikuwashawishi. Nilikuwa nawasha injini, wakauliza naenda wapi, nikawasomea barua ya mke wangu. Mmoja akasema, "Na wangu anakaanga." Mwingine akasema, "Wangu anauza mkate." Basi na wao wamewasha. Utaona nafasi tatu, usishtuke.

Mimi nimefanya kazi na matajiri wakubwa kuliko wewe, Bwana, wa Douala wenye meli. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniegesha. Ninachojilaumu ni kwamba wewe uliniegesha kwa magunia mawili tu, na mimi nikafurahi. Nilidhani nakuza zawadi, kumbe nakuza njaa nyumbani kwangu mwenyewe.

Magunia hayo mawili kaa nayo. Ukitaka kunifukuza, nifukuzie Bangui, mbele ya ghala, nikishashusha. Hapa sina muda.

Anicet Gbadora
aliyekuwa, au aliye bado, dereva wako

---

Kizuizi cha kilomita kumi na mbili, nje ya Bangui
Jumapili, 6 Machi 1994

Mama Zita,

Najua ulisema nisikujibu. Najua pia kwamba neno nitakaloandika sasa ndilo neno la mwisho duniani ambalo ungetaka kulisoma kwa mwandiko wangu. Naomba usiichane karatasi. Keti kwanza.

Mvua inanyesha.

Ya kweli! Naapa kwa kaburi la mama yako, na unajua mama yako hakunipenda, nisingethubutu kumsumbua kwa uongo. Nimeendesha siku mbili, nimepita vizuizi vyote, kwingine kwa pesa, kwingine kwa utani, pengine kwa kelele tu. Sikulala. Nimefika hapa asubuhi hii, mji nauona kwa macho, na tone la kwanza likanipiga kwenye kioo. Nikacheka mpaka askari akauliza nimekunywa nini. Halafu wakashusha mti barabarani. Kizuizi cha mvua.

Nikawaambia, "Wakubwa, hii ni lami. Lami haichimbiki!" Mmoja akaniambia, "Dereva, sheria inasema mvua. Haikusema lami." Nikamwambia nimefika Douala. Akasema, "Basi ulishazoea kusubiri." Nikarudi lorini, Eulalie. Mvua niliyoitunga Bouar imenifuata kilomita zote hizi ili inisubirie mlangoni kwangu.

Ghala la Ngaya liko upande wa pili wa mti. Gunia si langu, siwezi kulifungua. Lakini desturi ya madereva unaijua: kinachomwagika bodini ni cha dereva. Nimeingia chini ya turubai na ufagio wangu, nimefagia kila pembe. Nimepata kopo moja la maziwa. Ndilo hili. Lina mchanga, chekecha mara mbili. Sijui kama litatosha hata andazi ishirini, lakini litawasha jiko kabla jua halijazama, na mafiga yatakuwa yako. Ndicho nilichokifikiria njia nzima.

Wanawake wauza kabichi waliojikinga mvua hapa kizuizini wanasema habari ya malori matatu imeshafika sokoni, na jana jioni gunia limeanza kushuka. Kesho litashuka zaidi. Kwa hiyo hata ningeyapata yale magunia mawili yasingekuwa na thamani niliyojivunia. Na sitayapata. Na kazi nadhani sinayo.

Barua anakuletea dereva wa teksi, magari madogo wanayaruhusu. Nimemlipa kwa ile saa yangu ya Douala. Haikuwa ikitembea, lakini hajui.

Siombi salamu.

Baba Zita, kama jina hilo bado ninalo

---

Bangui, njia panda
Jumapili hiyo hiyo, mvuani

Baba Zita,

Salamu bado sikupi. Hujafika.

Kopo nimelipokea, nimechekecha mara tatu. Nusu yake ilikuwa Cameroon yenyewe, kokoto na vipande vya kamba. Lakini jiko langu halikukungoja. Lina moto tangu Alhamisi. Niliamka nikamtazama Koleta amekaa juu ya figa lake, nikasema ngoja. Nikachukua unga wa muhogo uliobaki wa kusongea, na ndizi mbivu ambazo mwenye kuziuza alikuwa anazitupa kwa weusi, nikaponda, nikakaanga. Yalitoka magumu, ukimpiga mwizi hurudii. Mwalimu Zosime aliuma akashika shavu. "Mama Zita, hili ni andazi au ni mtihani?" Nikamwambia, "Ni mtihani, Mwalimu, na umeshafeli, hujalipa wa juzi." Akala mawili. Watu wamerudi. Wananitukana kuliko zamani, na mimi nimeusikia mtaa wangu tena.

Koleta alinunua sita kwa watoto wake. Akaniambia, hanitazami usoni, "Usinione mbaya, Mama Zita. Na samaki hawashikiki bei." Nikamwongeza la saba. Mafiga yake bado yako hapo kando, lakini sasa ameyawekea kapu juu.

Kwa hiyo sikukuhitaji. Nataka ulijue hilo vizuri kabla hujasoma linalofuata.

Mvua yako ninaiamini kwa sababu iko kichwani kwangu. Nimesimama juu ya jiko na mwavuli wa marehemu mama, ule wenye matundu, Zita ameshika sinia upande wa upepo, na Koleta, ndiyo, Koleta, ameshika gunia tupu upande wa pili. Maana leo ni Jumapili, na moto ukizimwa na maji kabla jua halijazama, wiki nzima majirani watasema jiko langu halikuifikia Jumapili. Kuna wengine nyuma ya Koleta wanaongoja mahali hapa. Mikono imetuishia nguvu.

Nyuma ya kiti chako lorini kuna turubai dogo, lile unalolalia. Si la unga, ni lako. Lichukue tulikinge jiko, mwachie utingo wako funguo, ingia kwenye teksi hii hii iliyokuletea barua. Dereva wake nimemlipa maandazi manane mpaka kurudi. Amesema pia kwamba saa yako haitembei, alijua tangu mwanzo, alikuhurumia.

Nimekufungia andazi moja. Ukivunjika jino, hiyo ndiyo riba ya mvua ya Bouar.

Na usiniandikie kwamba umezuiwa. Kizuizi cha mvua ni cha malori, Anicet. Si cha waume.

Eulalie